Vitamini A kwenye Sufuria ya Mombasa: Mwongozo Kamili wa Rangi, Tui na Maini

Fika soko la Kongowea alfajiri, kabla jua halijaanza kuuma, uende upande wa maboga. Muuzaji anayeijua kazi yake hakuachi ununue kwa kutazama ganda. Analitia kisu, anatoa kipande cha pembetatu, anakunyooshea: "Tazama ndani, mamangu. Usije ukanilaumu." Asubuhi moja nilikatiwa matatu. La kwanza lilikuwa limepauka kama muhogo. La pili lilikuwa manjano ya kawaida. La tatu lilikuwa limekolea rangi ya chungwa tangu gandani hadi kwenye mbegu, na kidole nilichokigusisha kikabaki na rangi. Bei ilikuwa ile ile.

Rangi iliyobaki kidoleni ndiyo vitamini A, au tuseme ndiyo mali ghafi yake. Jiko la pwani lina karibu kila kinachotakiwa ili mtu asipungukiwe: majani, maboga, maembe, samaki, mayai, samli, na juu ya yote tui la nazi. Kinachotuponyoka ni kujua kipi kina vitamini hii na kipi kinajifanya tu, kipi hakiingii mwilini bila mafuta, na kipi kikizidi kinadhuru. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Tenganisha iliyo tayari na isiyo tayari

Vitamini A si kitu kimoja. Ni ukoo, na ukoo huu una milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa wanyama. Humo mna retinoli, yaani vitamini A iliyokwisha kuwa tayari. Iko kwenye maini, kiini cha yai, maziwa ambayo hayajaondolewa mafuta, siagi, samli ya ng'ombe, na samaki, hasa ini lake. Mnyama amekula majani, akafanya kazi ya kuyageuza, sisi tunakula matokeo. Ndani ya mwili retinoli hugeuzwa kuwa retinali, ambayo ni ya jicho, au asidi ya retinoiki, ambayo huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamrisha jeni zipi zifanye kazi na zipi zitulie. Inayobaki huunganishwa na mafuta na kuwekwa kwenye ini. Jina retinili palmitati unalolikuta kwenye chupa ya mafuta ya kupikia au pakiti ya unga ni la mlango huu huu, ila hiyo imetengenezwa kiwandani.

Mlango wa pili ni wa mimea, na wenyewe huitwa karotini. Mkubwa wao ni beta-karotini. Wadogo zake ni alfa-karotini na beta-kriptozanthini, hii ya mwisho ikipatikana kwenye mapapai na machungwa. Hizi bado si vitamini. Utumbo ndio unaozikata na kuzigeuza, na katika kazi hiyo hasara ni kubwa: maikrogramu 12 (maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) za beta-karotini ya chakula huhesabiwa kuwa sawa na maikrogramu 1 ya retinoli, na kwa wale wadogo wawili inatakiwa 24. Kwa hiyo ukisoma jedwali lolote la vyakula, angalia kwanza kama wamehesabu karotini yenyewe au wameshaigeuza kuwa retinoli. Ukichanganya hesabu hizo mbili utadhani fungu la mchicha linalishinda ini la ng'ombe.

Hasara hiyo ina faida yake. Mwili hugeuza karotini kwa kadiri ya haja. Akiba ikijaa, unapunguza. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kudhurika kwa vitamini A ya maboga. Ukizidisha sana karoti utapata viganja na nyayo za manjano, ukipunguza zinarudi. Si homa ya manjano wala si ini: mwenye ugonjwa wa ini huwa manjano hadi kwenye weupe wa macho, mla karoti macho yake hubaki meupe. Retinoli haina breki hiyo. Inaingia karibu yote. Tutarudi huko tukifika kwenye maini.

Kidokezo cha historia, kwa sababu kinaeleza jambo zima. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis, huko Wisconsin, Marekani, waliwalisha panya chakula kile kile isipokuwa mafuta. Waliopewa mafuta ya nguruwe au ya zeituni waliacha kukua. Waliopewa mafuta ya siagi waliendelea. Ndani ya mafuta fulani mlikuwa na kitu ambacho mafuta mengine hayana, na kitu hicho ndicho kilichokuja kupewa herufi A. Somo lake kwa jiko letu ni kwamba mafuta hayafanani. Nazi ina mafuta tele lakini haina vitamini A hata chembe. Inayo kazi nyingine, nayo ni kubwa, tutaiona jikoni.

Hatua ya 2: Zijue kazi zake, ndipo utazitambua dalili

Jicho ndilo linalotangulia kulalamika. Nyuma ya jicho kuna seli za kuonea gizani, na ndani yake mna rodopsini, kitu kilichoundwa kwa protini na retinali. Mwanga kidogo ukiingia, retinali iliyojikunja inanyooka, protini inashtuka, ubongo unapata habari. Kila mara retinali kidogo hupotea, nayo lazima ifidiwe kutoka kwenye damu. Akiba ikikauka, mchana mtu anaona vizuri kabisa, magharibi anapotea. George Wald alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1967 kwa kueleza mambo haya.

Niliwahi kuona mwenyewe, Mji wa Kale, kabla sijajua ninachokitazama. Watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye kichochoro, na kila jua likizama mmoja wao, wa miaka minne hivi, aliacha mchezo akaenda kuegemea ukuta. Wenzake wakiendelea hadi adhana. Bibi yake akisema, "Huyu mvivu, kamrithi babake." Siku moja alitumwa viatu barazani, akawa anavitafuta kwa kupapasa, mkono umepita juu ya kiatu cheupe mara mbili. Aliyegundua ni mhudumu wa zahanati aliyemmulika jicho na kukuta kidoa cheupe pembeni mwa mboni, kama povu la sabuni lililokauka. Kidoa hicho kimepewa jina la Bitot, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1863. Mtoto alitibiwa, na baada ya muda si mrefu akawa anacheza hadi kuitwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mzazi si "mtoto anaona vizuri?" Jibu litakuwa ndiyo. Uliza: magharibi anatembea kama wenzake? Anagonga vitu? Anakataa kutoka? Baada ya upofu wa usiku hufuata ukavu wa jicho, kisha kile kidoa, kisha kioo cha mbele cha jicho hupata ukungu na kidonda. Ikifika kwenye kidonda hapana muda wa kungoja kesho, kwa sababu jicho linaweza kuharibika kabisa kwa siku chache.

Lakini jicho ni dirisha tu. Vitamini A hulinda ngozi yote ya ndani: ya pua, koo, mapafu, utumbo, njia ya mkojo. Ikipungua, utando laini unakauka na kuwa mgumu, na vijidudu vinapata pa kupenya. Alfred Sommer, daktari wa macho wa Marekani, alipofanya kazi Indonesia aliona kwamba watoto wenye upofu wa usiku mwepesi tu walikuwa wakifa zaidi kuliko wenzao. Utafiti wake wa Aceh, huko huko Indonesia, uliotolewa mwaka 1986, ulionyesha vifo vya watoto waliopewa vitamini A vimepungua kwa karibu theluthi moja. Tafiti za baadaye zilipata nafuu ndogo kuliko hiyo, lakini nafuu yenyewe ilibaki. Surua ndiyo hatari zaidi hapa, maana inakomba akiba kwa siku chache. Mtoto mwenye surua hupewa dozi mbili za vitamini A, leo na kesho, hata kama alipewa nyingine karibuni.

Inahusika pia na ukuaji, na uumbaji wa mtoto tumboni, na kutoa madini ya chuma ghalani ili damu itengenezwe. Yako mambo ambayo haihusiki nayo, na hapa tuambiane ukweli: karoti haimwondolei mtu miwani. Asiyeona mbali kwa sababu ya umbo la jicho hatasaidiwa na gunia zima.

Hatua ya 3: Pima haja ya nyumba yako

Hizi ni hesabu za siku moja, kwa maikrogramu za retinoli au karotini iliyokwisha kugeuzwa, kulingana na vipimo vinavyotumika Marekani:

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3: 300
Wa miaka 4 hadi 8: 400
Wa miaka 9 hadi 13: 600
Mwanamke: 700
Mjamzito: 770
Anayenyonyesha: 1,300
Mwanamume: 900

Mtazame anayenyonyesha. Anahitaji kuliko mume wake, na kwenye nyumba nyingi ndiye anayekula mwisho, sufuria ikiwa imebaki mchuzi. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano ambayo baadhi ya wazee walikuwa wakiyakamua na kuyamwaga, yana vitamini A nyingi kuliko maziwa yanayofuata. Manjano yake ni karotini.

Si lazima utimize hesabu kila siku. Akiba haiozi, na ini la mtu mzima aliyeshiba linaweza kumvusha miezi. Mtoto ndiye hana ghala. Akiba yake ni ndogo, na kila kuhara na kila homa kunaichota.

Hatua ya 4: Nunua kwa jicho, lakini jua rangi zinazodanganya

Anza na majani. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, mnavu, mronge, sukuma wiki: yote yana beta-karotini, ila ujani wa klorofili umeifunika. Kadiri jani lilivyo la kijani kibichi ndivyo lilivyo na zaidi. Kabichi nyeupe iliyofungika haikusaidii hapa. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina kama maikrogramu 140, karotini ikiwa imeshageuzwa, na hesabu zote zinazofuata ni hivyo hivyo. Mronge una zaidi; majani yake mabichi yana kama 380 kwa gramu 100, na mti wenyewe umesimama uani kwa watu wengi bila kuguswa.

Boga lililokolea, gramu 100 zilizochemshwa, hufika 250 na zaidi. Karoti moja ya wastani ina kama 500. Anayekaribiana na karoti kwenye mimea ya soko letu ni kiazi kitamu cha rangi ya chungwa ndani: gramu 100 zilizochemshwa zina kama 790, kipande hicho kimoja kinamtosha mtoto wa miaka mitatu kwa zaidi ya siku mbili. Sisitiza neno "ndani". Viazi vitamu tulivyovizoea kwenye futari, vyekundu kwa ganda na vyeupe kwa nyama, ni vitamu kweli lakini vitamini A yake ni kama hakuna. Mwambie muuzaji akuvunjie kimoja.

Embe bivu lina kama 54 kwa gramu 100, papai 47. Ni kidogo, lakini nani amewahi kula gramu 100 za embe akaacha? Msimu mkubwa, kuanzia kama Novemba na kuingia kwenye kaskazi, mtoto wa pwani hula maembe matatu kabla ya mchana, na hesabu inajijaza. Sharti liwe limeiva, kwa sababu karotini huongezeka embe linapoiva. Embe bichi la chumvi na pilipili ni starehe halali, ila usiliweke kwenye hesabu hii.

Sasa wadanganyifu. Wali wa biriani, rangi yake ni zafarani au rangi ya dukani. Bizari ya manjano ina rangi yake yenyewe, isiyogeuka vitamini. Viazi karai vimepakwa rangi kwenye unga, na watu huapa kwamba vile vya manjano sana "vina nguvu". Tikiti na nyanya, wekundu wake kwa sehemu kubwa ni likopini, ambayo ni jamaa wa karotini lakini mwili hauwezi kuifanya vitamini A. Bitiruti vile vile haina. Na mbaazi za nazi kwa mahamri, chakula ambacho sitakubali kukisema vibaya, kina vitamini A kidogo mno isipokuwa ile iliyotiwa kwenye unga na mafuta, na ile ya maziwa ya chai.

Upande wa wanyama, yai moja lina kama 80, kikombe cha maziwa kamili kama 110. Samli ya ng'ombe nayo inayo, ile ya mboga inategemea kama kiwandani waliitia. Samaki wadogo wanaoliwa wazima pamoja na matumbo, kama dagaa, wana faida kuliko kipande cha nguru kilichosafishwa, kwa sababu vitamini A ya samaki imejaa ndani ya ini na si kwenye mnofu. Wazee wetu waliijua nguvu ya ini la papa kwa njia nyingine: mafuta yake, sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zisioze. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili nchi za nje zilikuwa zikivua papa kwa ajili ya vitamini A iliyo kwenye ini hilo hilo. Kwa hiyo huenda majahazi ya Bandari ya Kale yalivishwa vitamini A kuliko baadhi ya watoto waliosimama kuyatazama. Sifa si ya kunywa, hata hivyo.

Hatua ya 5: Pika ili iingie mwilini

Hapa ndipo nazi inapopata heshima yake. Karotini haiyeyuki majini, huyeyuka kwenye mafuta. Bila mafuta kwenye mlo, sehemu kubwa hupita tu. Hayatakiwi mengi: gramu 3 hadi 5 zinatosha, sawa na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, au vijiko viwili vya chakula vya kasimile, yaani tui zito la kwanza. Mchicha wa nazi ulipikwa kwa sababu ya utamu, na sayansi ikaja baadaye kuusifia.

Ninavyoupika ni hivi. Ikune nazi, kamua kasimile uiweke kando, kisha kamua tui jepesi. Bandika tui jepesi na kitunguu, nyanya, na pilipili nzima isiyopasuka. Likichemka tia mchicha uliokatwa, funika, moto wa wastani. Ukilegea tu na kukoza rangi, kama dakika tano au sita, mimina kasimile, koroga polepole usikate tui, liache lichemke mara moja, epua. Mchicha uliokaa motoni hadi ukawa wa kijivu umepoteza karotini pamoja na sura.

Kupika kwenyewe hakuharibu kama watu wanavyodhani. Karoti mbichi kwenye kachumbari inaachia karotini kidogo, kwa sababu imefungiwa ndani ya kuta ngumu za seli. Iliyoiva na kupondwa inaachia zaidi. Kwa hiyo boga lililopondwa na tui ni bora kuliko vipande vigumu, na kwa mtoto wa miezi sita na zaidi ndilo la kuanzia: boga au kiazi cha rangi ya chungwa kilichopondwa, kijiko cha chai cha mafuta au samli, basi.

Kuna mabishano yasiyokwisha kuhusu kumwaga maji ya mboga. Kwa vitamini C yana msingi. Kwa vitamini A hayana, kwa kuwa haiyeyuki humo. Maadui wake ni mwanga, hewa na moto wa muda mrefu. Ukianika majani ya kunde au mronge ili uyasage, yaanike kivulini penye upepo, uyaweke kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Yaliyoanikwa juani juu ya bati yanabaki na nyuzi na chumvichumvi, rangi imekwenda na jua.

Kisamvu kina sharti lake: kitwangwe na kichemshwe hasa kabla ya tui, kwa ajili ya sumu ya asili iliyo kwenye majani ya muhogo. Hapo usifanye haraka kwa kisingizio cha vitamini.

Hatua ya 6: Soma pakiti, na ujihadhari na mafuta ya kupima

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti, pamoja na mafuta ya kupikia ya mimea, viongezwe vitamini A. Unga unaosagiwa mwenyewe kinuni haumo. Sisemi uache kusaga. Nasema jua kwamba sima ya mahindi meupe ya kinuni haina vitamini A, kwa hiyo kitoweo ndicho kibebe mzigo.

Mafuta yana kisa chake. Mengi yanayotumika kwetu hutoka kwenye mawese yanayoshushwa hapa bandarini. Mawese ghafi ni mekundu kwa wingi wa karotini, kama yanavyotumika Kigoma na Kongo hadi leo. Kiwandani husafishwa, rangi ikaondolewa pamoja na karotini yake, kisha vitamini A ya kutengenezwa ikarudishwa. Unacheka, lakini ndivyo.

Nimewahi kununua mafuta ya kupima kwa miezi kadhaa kutoka duka ambalo chupa zake zilipangwa dirishani, jua la mchana likizipiga moja kwa moja. Yalikuwa nafuu kwa shilingi chache. Mwanga huiua vitamini A, kwa hiyo nilichokuwa nikinunua ni mafuta matupu. Ukinunua ya kupima, chukua kwenye pipa au mashine iliyofunikwa, nyumbani yaweke kabatini. Na mafuta yaliyokaangia viazi mara nne usiyahesabu tena kwa lolote.

Hatua ya 7: Heshimu maini

Gramu 85 za maini ya ng'ombe yaliyokaangwa zina kama maikrogramu 6,500. Kikomo cha retinoli kwa mtu mzima ni 3,000 kwa siku, ikiwa ni mazoea ya kila siku. Sahani moja ya maini na chapati kwa wiki ni chakula chema. Sahani hiyo kila asubuhi kabla ya kazi, miezi na miezi, ni njia ya kuumwa kichwa, kukauka ngozi, kunyonyoka nywele, na mwishowe kuliumiza ini lako mwenyewe. Kwa mtoto mdogo, kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja kwa wiki kinatosha.

Mjamzito, hasa miezi mitatu ya kwanza, asiyafanye maini dawa ya damu. Retinoli nyingi inaweza kuharibu uumbaji wa mtoto. Uingereza huwaambia wajawazito waache maini kabisa, pamoja na mafuta ya ini la samaki. Damu ya mjamzito ina vidonge vyake vya kliniki, na vitamini A ataipata kwenye majani na maboga bila hofu. Wasichana wanaotumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini wajue kwamba hiyo ni jamaa wa vitamini A, na haikai na mimba hata siku moja.

Mafuta ya ini la samaki ya chupa, yale tuliyokuwa tukizibwa pua tunyweshwe, yana retinoli nyingi: kijiko cha chai cha mafuta halisi kinaweza kufika maikrogramu 1,350, na kikomo cha mtoto wa miaka miwili ni 600. Lebo mara nyingi huandika IU, kipimo cha kimataifa cha vitamini. Zidisha kwa 3, gawanya kwa 10, utapata maikrogramu za retinoli. Ukiona mtoto anapewa hayo pamoja na sharubati nyingine ya vitamini, zijumlishe.

Wavuta sigara wana onyo lao. Utafiti wa Finland uliotoka mwaka 1994 na wa Marekani wa 1996 uliwapa wavutaji vidonge vya beta-karotini kwa matumaini ya kuzuia saratani ya mapafu. Ikaongezeka. Ni vidonge vilivyofanya hivyo, si chakula. Mvutaji ale mchicha wake, vidonge avipite.

Hatua ya 8: Mtoto na kidonge cha kliniki

Kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, kila baada ya miezi 6, mtoto hupewa dozi kubwa bure kwenye vituo vya afya vya serikali. Miezi 6 hadi 11 ni kidonge cha buluu, IU 100,000. Mwaka mmoja na kuendelea ni chekundu, IU 200,000. Hakimezwi, muuguzi anakata ncha na kukamulia matone mdomoni. Dozi hiyo haimdhuru kwa sababu huingia ini likaihifadhi na kuitumia taratibu kwa miezi, na kwa sababu hairudiwi karibu. Baadhi hutapika au kuumwa kichwa kidogo siku hiyo, kisha inapita.

Mei na Novemba kuna wiki za Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto, na wahudumu hupita hadi kwenye chekechea. Hapa ndipo panapotokea kosa: mtoto amepewa shuleni Jumanne, Ijumaa mama anampeleka kliniki, anapewa tena. Kwa hiyo mtoto akirudi chekechea muulize kama alitiwa matone mdomoni, mwulize mwalimu pia, kisha hakikisha tarehe imeandikwa kwenye kitabu cha mama na mtoto. Ukihama, kutoka Likoni kwenda Kisauni au kutoka Mombasa kwenda bara, kitabu kiwe ndani ya mkoba unaoubeba mwenyewe, si kwenye magunia yanayotangulia na lori.